Tiketi ya Dada

Jumatatu, 3 Juni

Wanakuja! Chiriku Wanne wanakuja! Naandika nyuma ya kitabu cha oda cha dukani maana daftari langu liko nyumbani na siwezi kungoja mpaka jioni, nitapasuka.

Ilikuwa hivi. Saa nne asubuhi dereva mmoja kaingia na mabegi manne marefu ya nguo, yale ya zipu. Kamuuliza Bosi kama anarekebisha magauni ya jukwaani. Bosi kajibu kwamba anarekebisha hata mapazia, mradi yasije na kunguni. Mimi niko chini ya meza natafuta bobini ya cherehani. Nasikia zipu — zzzz — natoa kichwa. Rangi ya chungwa. Mabega ya kuvimba. Mistari mitatu ya shanga shingoni. Yale magauni! Ya kwenye jalada la kanda!

Nikapiga kelele. Nikagonga kichwa kwenye meza. Bosi kasema nikipiga kelele tena ananirudisha kwenye sare za shule mpaka Desemba.

Shoo ni Jumapili ya tarehe 16, saa tisa alasiri, ukumbi mkubwa. Ya kwanza baada ya miaka kumi na nne. Magauni ni yale yale ila wenyewe si wale wale — hayo kasema dereva, si mimi.

Nikachukua simu nimwambie Dada. Nimeshafika kwenye jina lake, kidole kiko juu. Halafu nikakumbuka.

Mwaka wa tatu huu hatusemeshani. Kidole bado hakijazoea.

Jumanne, 4 Juni

Kutwa naimba kichwani. Nimeshona mfuko wa suruali ya mtu nje ndani. Nimefumua.

Tulikuwa na kanda moja tu. Mama alikuwa anafua mashuka hospitalini, kwa zamu, akiondoka anatufungia mlango kwa nje na kutuachia redio. Dada miaka kumi na mbili, mimi sita. Chiriku wako wanne, sisi wawili, kwa hiyo Dada akagawa. Yeye sauti ya kwanza na ya pili, anaruka kutoka hii kwenda ile kama mtu anayevuka mtaro. Mimi ya tatu. Ya nne tuliiachia redio. Sasa hiyo ya tatu ndiyo ngumu! Haifuati wenzake, inatembea chini peke yake, halafu inawakuta mwishoni. Nilikuwa napotea kila siku. Dada ananigonga goti, pigo moja kila neno, tok, tok, tok, mpaka nikashika.

Kushona nimejifundisha mwenyewe kwa kufumua nguo za watu. Kukata vitambaa nimejifundisha kwenye magazeti. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha kitu. Kuimba tu. Dada.

Mama alipofariki nilikuwa na miaka kumi na tano. Dada akawa mama, akawa mlinzi, akawa mpiga pasi wa sare yangu. Cherehani yangu ya kwanza kaninunulia yeye. Akaibeba kichwani kutoka stendi, nikamsikia tangu kona: "Wewe mtoto, njoo upokee mzigo wako, shingo yangu imeshaingia tumboni!"

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimewashika! Kwa futi ya kupimia, lakini nimewashika!

Wamekuja wawili wa kwanza kupimwa. Mkubwa, ile sauti ya kwanza, na Mrefu, sauti ya tatu. Sauti YANGU. Nikamwaga pini zote. Bosi akanitazama kwa jicho la sare za shule.

Mkubwa ni mfupi! Kwenye jalada sikujua kama kasimama juu ya kiti. Kanenepa, anacheka kwa tumbo, gauni limegoma nyongani kabisa. "Usiniambie namba," kaniambia, "andika kimya kimya kama daktari." Mrefu ni kinyume. Gauni linamning'inia kama liko kwenye msumari. Nimebana pini nne nne kila ubavu na bado. Sikuuliza. Kasema mwenyewe: "Niliumwa, sasa siumwi. Acha nafasi hapo. Nitanenepa."

Halafu nikagundua kitu. Wako chumba kimoja, hatua tatu kati yao, na hawasemeshani.

Mkubwa: "Fundi, mwambie mwenzangu haya mabega tuyapunguze wote, yamepitwa na wakati."

Nikageuka. Mrefu bila shaka kasikia, masikio anayo. Nikaanza, "Anasema mabega —"

"Mwambie mabega ndiyo watu wanakuja kuyaona. Hizo sauti zenyewe sijui."

Nikageuka tena. "Anasema —"

"Nimesikia. Mwambie ajisemee sauti yake."

"Anasema ujisemee —"

"Na wewe fundi umekuwa redio?" kasema Mrefu. Bosi nyuma ya cherehani kainama, mgongo unamtikisika.

Pale na mimi nilicheka. Sasa niko chumbani kwangu na sicheki. Miaka yote ile waliimba kwa pumzi moja. Mimi nilidhani watu wanaoimba vile wanakunywa chai pamoja kila asubuhi. Dereva kanidokeza wakati anaondoka: miaka kumi na nne hawajasalimiana. Wanakuja na magari mawili.

Ijumaa, 7 Juni

Bosi kaniuliza, "Hivi dada yako yuko wapi siku hizi? Zamani alikuwa anakuletea chakula hapa, tunanusa wote." Nikasema yuko kwake. "Kwake wapi, mwezini?"

Mji huu huu. Mabasi mawili.

Hili sijawahi kuliandika. Naliandika haraka haraka kama kung'oa jino.

Nilishona gauni la harusi la Dada. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kiburi cha watu watatu. Bosi kaniambia nilipeleke alikague, nikasema halina haja. Asubuhi ya harusi nikaona mgongoni limelegea kidogo. Nikafumua, nikabana, nikapiga bandi — ule mshono mrefu wa mkono, wa kushikiza tu mpaka cherehani ipite. Wakaniita nikasaidie kupanga viti. Niliporudi nikaona mshono umekaa vizuri, nikapiga pasi juu yake, nikamvalisha. Cherehani haikupita. Fundi yeyote anajua: bandi haihimili hata chafya.

Mbele ya wakwe Dada akainama kupokea zawadi. Mgongo mzima ukafunguka. Shingoni mpaka kiunoni, taratibu, ka-ka-ka-ka, ukumbi wote unatazama.

Uzi! Ni uzi tu jamani! Nimemwomba msamaha kwa ujumbe, kwa barua, kwa kupitia shemeji. Nimemshonea magauni mawili mengine, yakarudi hata mfuko haujafunguliwa. Mtoto kazaliwa, nikashona vinguo sita vya maua. Vikarudi. Mtoto ana miaka miwili sasa. Mama yake mdogo ni mimi peke yangu duniani na sijawahi kumbeba.

Basi nimeamua. Naomba tiketi mbili. Gauni anaweza kulikataa. Chiriku hawezi.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepata! Mkubwa alikuja kujaribu. Nimemwachia nyonga zote mbili, nimeongeza kipande ubavuni cha rangi ile ile, hata ukitumia tochi hukioni. Kajigeuza kwenye kioo kama msichana. "Fundi, umenirudisha nyuma miaka ishirini na kilo zangu zote ndani!" Nikaona ndiyo nafasi. Nikaropoka: naomba tiketi, mbili, tafadhali, za pamoja.

"Unakuja na nani? Mchumba?"

"Na dada yangu."

Nimelisema hivyo, wazi, kama mtu aliyeongea naye jana. Mkubwa kachimba kwenye mkoba. F11 na F12. Nimezitazama mpaka kwenye basi nikapitiliza kituo.

Jumanne, 11 Juni

Chakula cha mchana nilikimbilia bohari anakofanya kazi shemeji. Yuko juu ya ngazi anahesabu katoni, kalamu sikioni. Kaniona, kashuka polepole — hana ubaya yule mtu, anaogopa tu kusimama katikati.

"Shemeji, safari hii ni nini? Gauni?"

"Siyo gauni. Karatasi tu." Nikampa bahasha. Ndani nimeweka F11. Sikuandika maneno mengi. *Chiriku, Jumapili saa tisa. Nitakuwa kiti cha pembeni.*

Kalisoma jina juu, kaitia mfukoni kwenye shati, kaipigapiga. "Nitampa. Ila siahidi kitu."

"Yeye hajambo?"

"Hajambo."

"Na mtoto?"

"Anaimba," kasema. "Kutwa anaimba. Hata hatujui katoa wapi."

Nimerudi dukani nalia kwa furaha. Wanawake wawili kwenye basi wakaniachia kiti kizima.

Jumatano, 12 Juni

Hakuna kitu.

Alhamisi, 13 Juni

Hakuna. Nimejaribu simu yangu kwa kuipigia kwa simu ya Bosi. Inaita vizuri.

Jumamosi, 15 Juni

Mambo mawili.

La kwanza: Mrefu kaja kuchukua gauni lake, peke yake. Nimemshonea mishono yote mara mbili. Yake na ya wenzake. Kila mshono nimeuvuta kwa mikono miwili kama navuta ng'ombe. Alipokuwa anafunga mkoba nikashindwa kujizuia — mdomo wangu huu! Nikamuuliza yule Mkubwa alimfanya nini.

Nilidhani atanifokea. Kakaa kwenye kiti cha wateja. "Alinisemea neno. Nilikuwa nimetoka tu kuharibu wimbo mbele ya watu, akanisemea neno nyuma ya pazia."

"Neno gani?"

"Unajua nimelisahau? Hata nikilitafuta silipati. Ila sura yake alipokuwa analisema, hiyo naiona mpaka leo. Nikimwangalia naiona hiyo tu."

Kaondoka. Sijui kwa nini nilibaki nimeshika mkasi kama mjinga.

La pili: ujumbe wa shemeji, saa kumi na moja. Neno moja. *Kaipokea.*

Kaipokea! Hajairudisha! Magauni alirudisha siku ile ile! Hii kaipokea!

Jumapili, 16 Juni

Saa tano asubuhi. Nimevaa, nimevua, nimevaa. Nitavaa ile ya bluu, ya kawaida, hii niliyoinunua. Leo sivai nilichoshona. Leo mimi si fundi. Leo mimi ni mdogo wake.

Nikimwona nitasema nini? Sitasema kitu. Watapanda, wimbo utaanza, yeye ataruka yake na mimi nitatembea na yangu chini, na tutakutana mwishoni. Basi. Maneno baadaye.

Naenda.

Jumatatu, 17 Juni

Sikwenda kazini. Nimemwambia Bosi ni tumbo.

Nilifika saa nane kamili, ukumbi mtupu, mafundi wa spika wanasema moja mbili moja mbili. Nikakaa F12. Mkoba nikauweka F11 usikaliwe. Watu wakaanza kujaa. Mara tatu nimeulizwa, pana mtu hapo? Mara tatu nimejibu, dada yangu anakuja. Mara ya tatu hata sauti ilikuwa na maringo.

Saa tisa kasoro tano mama mmoja akasimama pembeni yangu, anahema, ana tiketi mkononi. "Hii siyo F11? Mwanangu, nitolee mkoba nipumzishe miguu."

Nikamwambia hapana, F11 ni ya dada yangu. Kanionyesha. F11. Kona moja imekunjwa — nilikunja mimi, wakati naitia kwenye bahasha.

"Umeipata wapi?"

"Mimi msusi. Mteja wangu kanipa juzi hapo hapo kwenye kiti, namsuka. Kasema kapewa na yeye hana haja nayo." Kakaa. Kajitengeneza. Katoa biskuti kwenye mkoba. "Chukua mwanangu. Mbona umepauka hivyo, hujala?"

Nikachukua biskuti. Ningefanya nini? Mama wa watu hana kosa.

Taa zikazima. Wakatoka.

Aibu yangu, kitu cha kwanza nilichotazama ni mishono. Zipu ya Mkubwa imeshika. Ubavu wa Mrefu umekaa, na nafasi ya kunenepa iko ndani kama alivyotaka. Mabega wameyaacha! Ukumbi ukalipuka kwa mabega yale. Halafu wakafungua midomo.

Mkubwa hafiki tena juu. Pale penye ile noti ndefu ya "Mlango wa Nyuma" anatugeuzia maiki sisi, na watu wanaona ni mapenzi, kumbe ni pumzi. Mdogo wao wa mwisho kasahau ubeti mzima, kazunguka kwa kucheza. Lakini Mrefu! Ile sauti ya tatu haikuzeeka hata siku moja. Ilitoka chini vile vile, peke yake, haina haraka. Ilinipita mifupani. Nilikuwa na miaka sita. Mlango umefungwa kwa nje, redio inawaka, goti langu linasubiri kugongwa.

Nikafungua mdomo niingie nayo. Sikuingia. Pembeni yangu msusi anaimba sauti ya kwanza. Nyuma sauti ya kwanza. Ukumbi mzima sauti ya kwanza! Nilipotea. Neno la pili tu, nikapotea.

Ndipo Mkubwa kapaza sauti, "Taa kwa watu wetu!" na taa zikatugeukia.

Safu ya pili. Shingo. Ile shingo naijua kwa sentimita. Dada.

Amesimama. Ana tiketi yake, kanunua yake mwenyewe, haja nayo anayo kumbe! Anaimba. Nimeona kichwa kinavyoinama kila anaporuka kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Pembeni yake wifi yake, dada wa shemeji, yule mwenye kicheko cha harusini. Na Dada anamgonga mkononi. Pigo moja kila neno. Tok, tok, tok. Anamfundisha sauti ya tatu.

Yule wifi hata haipatii.

Msusi kaniuliza kama wimbo umenikumbusha mtu. Nikasema ndiyo. "Marehemu?" Nikasema hapana mama, yuko pale.

Mwisho wakasimama wanne mstari mmoja, wameshikana mikono juu, wanainama. Mkubwa na Mrefu wameshikana kabisa, vidole ndani ya vidole. Mimi nilikuwa natazama mikono ile. Taa hazijazima bado, Mrefu kashautoa mkono wake.

Ningepita mlango wa pembeni yote yasingetokea. Nikapita mlango mkubwa. Shemeji kasimama nje na mtoto begani, anawasubiri. Dada katoka, kampokea mtoto, kageuka — na mimi hapo. Hatua moja. Hajabadilika. Kanenepa kidogo mashavu. Mtoto kanyoosha mkono kwenye hereni yangu. Ana vidole vya Mama!

Mtu alitakiwa aseme kitu. Dada kamtazama mtoto, si mimi.

"Msalimie fundi."

"Fundi," kasema mtoto.

Fundi. Mama mdogo wake! Wifi kauliza, "Aa, ndiye yule wa gauni?" Shemeji kaangalia viatu vyake.

Na mimi, badala ya kunyamaza, badala ya kumkumbatia, nikafungua huu mdomo. "Dada, ule uzi, siku ile nilikuwa —"

"Mwaka wa tatu unaniambia uzi." Hakufoka. Angefoka ningepona. Kasema polepole kama mtu anayeaga mgonjwa. "Gauni nilikusamehe kabla sijalivua. Bado unadhani ni gauni?"

Kaondoka. Mtoto ananitazama juu ya bega lake mpaka wakakata kona.

Jumanne, 18 Juni

Nilicheka.

Haya. Nimeandika.

Mgongo ulipofunguka, watu wote walikaa kimya. Ukumbi mzima, kimya. Dada hakulia, hakukimbia. Aligeuka. Alikuwa ananitafuta mimi. Katikati ya watu mia mbili alitafuta uso mmoja tu, na akaupata, na huo uso ulikuwa unacheka.

Sikuona raha! Ni woga. Nikiogopa nacheka, tangu mtoto, hata siku Mama anazikwa nilicheka na Dada akanifunika kichwa na kitambaa chake watu wasione. Yeye anajua. Anajua kuliko mtu yeyote. Lakini wakwe hawakujua. Wao waliona mdogo wake wa damu anacheka, wakajua kumbe inaruhusiwa. Walikuwa wanasubiri ruhusa. Niliwapa mimi. Wifi ndiye alianza, halafu meza yao yote, halafu ukumbi.

Miaka yote hii nimeomba msamaha wa uzi. Barua ngapi! Vinguo vya maua! Hata neno moja la kicheko changu sijawahi kuandika. Hata humu. Nenda Ijumaa ile ukasome, nimeruka hapo hapo, safi, kama fundi anayeficha mshono.

Alhamisi, 20 Juni

Bosi kanipokonya mkasi. Nimekata mikono miwili ya kushoto, nguo moja. "Ni tumbo bado?" Nikamwambia yote, nimesimama, watu wanapita. Kasikiliza huku anachomoa pini mdomoni moja moja.

"Sasa utamshonea nini?"

"Simshonei kitu."

"Afadhali," kasema. "Jumamosi usije kazini. Unaniharibia vitambaa."

Jumamosi, 22 Juni

Niko kwa Dada. Ndani! Naandika hapa hapa kwenye kochi lake, maana nisipoandika nitakimbia.

Shemeji kafungua mlango. Kanitazama usoni, kanitazama mikono, katazama nyuma yangu. "Leo hujaleta kitu?"

"Nimeleta mdomo tu, shemeji."

Kasogea nipite. "Basi kaa. Yuko chumbani." Kaingia. Nimesikia kila neno, ukuta mwembamba.

"Nani?"

"Mdogo wako."

"Kaleta nini?"

"Hajaleta kitu."

Shemeji katoka, kajikuna shingo. "Anasema usubiri."

"Mpaka saa ngapi?"

"Hajasema. Ila hajasema uondoke." Kavaa kandambili, kasema anakwenda kununua sabuni. Sabuni nzima naiona pale kwenye beseni.

Saa nne na robo. Saa nne na nusu. Hiki chumba sikijui. Feni ndogo. Meza ina mguu mmoja umefungwa waya — ningekuwepo ningewatengenezea. Picha ya harusi ukutani, wanatazama mbele wote wawili.

Mtoto katoka mwenyewe. Kaniletea kiatu. Halafu kijiko. Halafu kifuniko cha sufuria. "Fundi, shika." Nimeshika vyote. Nikamwambia, sema mama mdogo. Kanitazama kama nimemwambia ahesabu nyota. "Fundi," kasema, kapanda mapajani, kazungukazunguka kama paka, kalala. Ghafla tu! Mzito! Mkono wangu wa kushoto umeshakufa ganzi. Naandika kwa wa kulia, daftari liko juu ya mgongo wake, linapanda na kushuka.

Saa tano kasoro robo.

Nimesema. Nimesema sasa hivi, kwa kuelekea kwenye pazia. "Dada. Nilicheka. Uligeuka kunitafuta, nikakuona unanitafuta, nikacheka. Wakacheka kwa sababu yangu." Hivyo tu. Uzi sikuutaja.

Kitanda kimelia. Hatua. Moja, mbili, tatu. Zimesimama.

Pazia la mlango wake ni fupi, halifiki chini. Naona vidole vya miguu yake. Haji, harudi. Nikiinuka mtoto ataamka. Siinuki.

Nimesema tena, chini chini: nilicheka. Vidole bado vipo pale.